Ufa wa makusudi

KUTOKA BARAZANI
Na Zuhura Kombo

Jumamosi iliyopita nilishinda uani na fundi mashua. Mimi nimeshika ncha ya futikamba, yeye kalala chali chini ya kuba langu la nyota. Majirani hapa Tanga hukiita kibanda hiki "yai". Ni chumba cha mviringo, ukuta wa matofali unaofika kifuani, na juu yake kuba la vipande vya plaiwudi vilivyounganishwa kama vipande vya chungwa. Kuba limekaa juu ya magurudumu manane. Upande mmoja lina mwanya mrefu wenye kifuniko, unaoanzia chini hadi kupita utosini. Ukitaka kuitazama nyota, unafungua mwanya, unalisukuma kuba mpaka mwanya uielekee, unainamia darubini.

Masika ya mwaka huu kuba liligoma. Tulilisukuma watu watatu lisitikisike, na maji yakawa yanadondokea turubai nililofunikia darubini. Muuza vifaa aliyenisaidia kulijenga alinishauri nilibomoe, niagize jipya la plastiki kutoka nje. Bei aliyonitajia ni karo ya mtoto ya miaka kadhaa. Ndipo nikashuka ufukweni kwa waunda mashua.

Fundi hakugusa gurudumu hata moja. Alipima upana wa duara la mbao lililobeba kuba, mara nne, kila mara akisogea hatua chache. Vipimo vitatu vilikaribiana. Cha nne kilizidi kwa vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "yai lako limekuwa yai kweli."

Mahali rangi ilipobanduka, mbao ilikuwa imenyonya maji ikavimba. Upande mmoja magurudumu yakabanwa, upande wa pili yakaning'inia bila mzigo. Kwa miezi miwili nilikuwa nailaumu kutu ya kwenye beringi, nikimimina grisi pasipohusika. Fundi alikata kipande kilichovimba, akaunga mbao kavu, akalihakiki duara lote upya kwa uzi na msumari uliopigiliwa katikati yake kabisa. Kisha akageukia maungio ya kuba. Akayatia kalafati kama anavyotia mashua: pamba iliyochovywa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu, pole pole, sikio likisikiliza mlio wa nyundo. Mwisho tukapaka rangi nyeupe, kwa sababu kuba likishika joto la mchana, usiku hewa yake hupanda mbele ya darubini na nyota zikacheza kama taa ndani ya maji.

Wahenga wametuonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Kuba la nyota ndilo jengo ambalo ufa wake ndio maana yake. Ukiuziba moja kwa moja, umebaki na stoo. Ukiuacha wazi, mvua moja inatosha kuitia ukungu lenzi. Ni paa linalotakiwa kufunguka, kufungika na kuzunguka, na kitu chenye kazi tatu za namna hiyo hakina siku ya kusema kimekwisha. Kinamtaka mtu wa kukirudia.

Wenye makuba makubwa wanalijua hilo. Kule Flagstaff, Arizona, Marekani, liko kuba la mbao za msonobari lililojengwa kwa ajili ya darubini ya mwanaastronomia Percival Lowell, yenye lenzi ya inchi 24, iliyoanza kazi mwaka 1896. Aliyelijenga ni Godfrey Sykes. Yeye na ndugu yake Stanley walikuwa na karakana ya baiskeli mjini hapo, nao walijitangaza kuwa watengenezaji na warekebishaji wa kitu chochote. Kulizungusha kuba lile kulisumbua tangu mwanzo. Wakati mmoja lilijaribiwa kueleshwa kwenye mfereji wa maji ya chumvi, na watu wa pwani wanaweza kukisia yaliyofuata: likavuja. Hatimaye mafundi wakalikalisha juu ya matairi ya pikapu ya Ford ya mwaka 1954, na linazunguka juu ya matairi hadi leo.

Chini ya paa hilo, kuanzia mwaka 1912, mwanaastronomia V. M. Slipher alipima kasi ya galaksi, vipimo vilivyosaidia kuujenga ujuzi kwamba ulimwengu unatanuka. Chini ya paa hilohilo, miaka ya 1960, zilichorwa ramani za Mwezi kwa ajili ya safari za Apollo. Kati ya 2014 na 2015 darubini na kuba vilifungwa, vikafanyiwa ukarabati, vikarudishwa kazini. Lowell na Slipher wanatajwa vitabuni, nao wanastahili. Lakini kila usiku waliofanya kazi, kuna mkono wa fundi baiskeli uliowatangulia.

Nayasema haya kwa sababu ya kitu kilichoniuma. Nimewahi kuingia shule moja iliyopewa darubini nzuri. Nilionyeshwa picha ya siku ya makabidhiano, utepe na viongozi. Darubini yenyewe ilikuwa stoo, lenzi ina utando wa ukungu, miguu imeliwa na kutu. Hakuna aliyeiharibu. Hakuna aliyepangiwa kuitunza, basi. Watoto waliosoma pale baadaye walisimuliwa habari za pete za Zohali kutoka ubaoni, na kifaa cha kuwaonyesha kiko hatua hamsini.

Ombi langu kwa wafadhili, kamati za shule na wizara ni moja. Mkileta chombo cha sayansi, siku hiyohiyo mtajeni fundi wake na mtenge fungu lake la kila mwaka. Msimtafute mbali. Yuko ufukweni akitia kalafati, yuko njia panda akinyoosha rimu za baiskeli. Fundi anayejua kulinyoosha gurudumu lililopinda tayari anajua sehemu kubwa ya kazi ya kuba. Mwalikeni darasani, awafundishe watoto kwamba duara hupimwa, halikisiwi.

Jioni ile, rangi ikiwa bado inanuka, fundi alilisukuma kuba kwa kiganja kimoja. Likazunguka lote, bila mlio. Tukafungua mwanya. Nge, lile kundi la nyota, alikuwa juu, karibu na utosi, na moyo wake mwekundu ukaingia katikati ya darubini. Mzee alitazama muda mrefu. Alipoinuka akafuta mikono, akakusanya patasi zake.

"Vuli ikikaribia niite," akasema.

Nikamuuliza kama anadhani litagoma tena.

"Ndiyo maana nakwambia ikikaribia."