Kikombe Kilichotoka Misri



Majuzi, baada ya Swala ya Alasiri, dada mmoja wa hapa Mpanda alitujia ofisini, simu mkononi. Mumewe alikuwa Karema kwenye biashara ya dagaa, na kwa siku kadhaa hakupatikana hewani. Mtu asiyemjua akamtumia picha ya karata: mtu aliyejifunika joho jeusi, ameviinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Akaambiwa kuwa kikombe ni moyo, na moyo wa mumewe umemiminikia kwa mwanamke mwingine. Atume fedha ili karata zilizobaki zifunuliwe. Alikwisha tuma thamani ya magunia mawili ya mpunga. "Ustadhi," akauliza, "kikombe hiki kina nini?"

Tuliona swali lile lastahiki jibu kamili, kwani kumwambia mtu "ni haramu" kisha tukanyamaza humwachia hofu yake ile ile.

Kikombe hicho ni cha kale, na kimepita mikononi mwa Waislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri, zenye aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Hazina sura ya mtu. Penye mfalme pameandikwa cheo chake tu, na chini yake yuko naibu, kisha naibu wa pili. Neno hilo hilo tunalolisikia kila siku katika taarifa ya habari ndilo linalodhaniwa kuzaa jina la karata kwa Kihispania, naipes. Wareno wakaviita vikombe copas, na jina hilo wakalitumia hata kwa karata za Kifaransa, ambazo zilichorwa moyo badala ya kikombe. Walipokuja pwani yetu walituachia kopa, shupaza na uru. Vijana wetu wanaotumiana makopa kwenye simu, basi, hutumiana vikombe pasi na kujua.

Karata za kutabiria, yaani taroti, zilizuka Italia ya kaskazini kwenye miaka ya 1440, nazo zilikuwa za mchezo. Seti ya kawaida ina karata 78, na 14 kati yake ni za vikombe. Jina lake la mwanzo lilikuwa trionfi, ndugu wa neno letu turufu. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin akadai kwamba zimebeba hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya makuhani hao. Ufunguo wake ulipatikana mwaka 1822! Mwenzake aliyejiita Etteilla akaifanya biashara. Ama picha ile ya joho jeusi, ilichorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909. Kwamba vikombe ni mapenzi, maji na huzuni, ni maana walizozipanga wanadamu, na tarehe zao twazijua.

Aya ya 90 ya Suratul-Maida imeitaja azlamu, mishale ya kupigia ramli, pamoja na ulevi na kamari. Iwe ni kipande cha mti au cha karatasi, kazi ni ile ile. Kuhusu mchezo wa karata usio na kamari, wanazuoni wamekhitilafiana, nasi hatutaingia humo leo, ijapokuwa wazee wetu wa chini ya mwembe, ambao Magharibi huwapita, wanajijua.

Kisha tukaikuza ile picha kwenye simu yake. Nyuma ya mtu wa joho vimesimama vikombe viwili vizima. Hakutajiwa hivyo. Hatukumwambia kuwa vina maana yoyote. Tulimwonesha tu kwamba aliyemtumia alichagua vya kumsomea. Akavitazama kwa muda mrefu, kisha akaifuta namba ile.

Mumewe alipiga simu Ijumaa kwa namba ya mwenzake. Simu yake ilikuwa imezama ziwani. Fedha za mpunga hazijarudi, na dada yetu bado hajapata namna ya kumweleza. Ametuomba tuwepo atakaporejea.