Saikolojia ya Chuo Kikuu: Tusiikimbie, Tuichuje



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu wasomaji, vijana wetu wa Pangani na sehemu nyingine za Kibaha wanapoingia chuo kikuu, hasa wale wanaosomea ualimu, hukutana na somo la saikolojia. Habari ikifika nyumbani huzua maneno. Wapo wanaosema hilo ni somo la wendawazimu. Wapo wanaosema ni elimu ya makafiri, itamtoa kijana katika dini. Na wapo vijana wanaolikariri wapate kufaulu tu, huku wana wasiwasi moyoni. Sisi tunaona wote hawa wanakosa kheri iliyomo.

Je, saikolojia ni nini? Ni elimu inayochunguza akili na mwenendo wa mwanadamu: anavyojifunza, anavyokumbuka na kusahau, anavyokua toka utotoni, anavyokasirika, anavyoogopa na anavyoishi na wenzake. Maradhi ya akili ni mlango mmoja tu kati ya hiyo.

Vitabu vingi vya mwaka wa kwanza huanza historia yake mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara mjini Leipzig, Ujerumani. Kijana wetu anaweza kudhani Waislamu hawakuwa na lao. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Humo alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na namna ya kukitibu. Aliitenganisha hata huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu ya wazi.

Sasa tuangalie yanayofundishwa darasani. Yapo yaliyopimwa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima alivyozisahau. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa za mwanzo, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa ni bora kuliko kurundika yote siku moja. Mwanafunzi wa madrasa hashangai. Mtume (S.A.W.) aliifananisha Qur'ani na ngamia waliofungwa kamba: mwenyewe akiwaangalia hubaki nao, akiwaachia huondoka. Ndiyo maana tuna muraja'a. Mwalimu aliyelielewa hili atapanga ratiba ya kurudia, badala ya kumchapa mtoto aliyesahau sura ambayo hakuwahi kurudishwa kuisoma.

Yapo pia yasiyopimwa. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alidai kwamba dini ni njozi inayotokana na matamanio ya binadamu. Hilo halikutoka maabara, ni rai yake. Hapo ndipo kijana anapotakiwa kuuliza: hili limejulikanaje? Lililothibiti kwa kipimo tulipokee. Lililo falsafa ya mtu tulijue, tulijibie mtihani, wala tusilifanye itikadi. Ndivyo alivyohimiza Malik Badri, Msudani aliyeishi kati ya 1932 na 2021. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuwaonya wanasaikolojia Waislamu wanaoiga kila kitu cha Magharibi. Lakini yeye mwenyewe hakuiacha elimu hiyo. Aliifundisha na kutibu kwayo.

Kwa nini tunalisemea jambo hili? Kwa sababu majumbani mwetu wapo watu wanaoumia. Mama amejifungua, analia kutwa na hataki kumshika mtoto. Kijana ameacha kula, halali. Anaambiwa imani yake ndogo, au amepandwa na jini, na miezi inapita. Hatukanushi kuwepo kwa majini, wala hatuachi ruqya na dua. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu. Na Surat Yusuf inatueleza kwamba Nabii Yaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo? Basi mgonjwa asomewe, na apelekwe hospitali. Tumbi haiko mbali. Kisomo kisiwe sababu ya kumchelewesha.

Huko hospitali, na mashuleni pia, tunahitaji washauri wanaoijua dini ya mgonjwa, wakiwemo wanawake ambao mama zetu watawafungulia mioyo yao bila kuona haya. Watatoka wapi, kama watoto wetu tunawakataza somo la kwanza kabisa?

Kwa hiyo nasaha zetu ni hizi. Kwanza, mwanafunzi aingie chuo akiwa na msingi wa aqida, na asiache darsa awapo huko. Pili, asione haya kumuuliza mhadhiri, na akitatizwa na jambo la dini awarejee masheikh, asibaki na dukuduku peke yake. Tatu, akipata la manufaa alirudishe madrasa, hasa katika malezi na ufundishaji. Kwa wazazi tunasema: kabla ya kulilaani somo, mwiteni kijana awaeleze alichojifunza. Kama kuna kosa mtalisahihisha pamoja, na kama kuna kheri mtafaidika nyote.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na awahifadhi vijana wetu popote wanaposoma. Aamin.

Wabillahi tawfiq.