Zimwi Lisilo na Nambari

Vijana wapendao michezo ya kompyuta wana desturi ya kubuni nadharia kuhusu viumbe waliomo katika michezo hiyo: kiumbe fulani alitoka wapi, mama yake alikufaje, na ni siri gani iliyofichwa na watengenezaji. Watu wazima wengi, na walimu miongoni mwao, huyahesabu mazungumzo hayo kuwa upuuzi unaokula muda wa masomo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ndani ya mazungumzo hayo mna sehemu kubwa ya kazi ya mwanasayansi: kuchunguza, kukisia, kukusanya ushahidi na kubishana. Upungufu wake ni mmoja tu, nao ni mkubwa: aghalabu hakuna aulizaye ni jambo gani ambalo, likionekana, litathibitisha kwamba nadharia hiyo si ya kweli. Kisa cha zimwi liitwalo MissingNo chafaa kufundishiwa kwa sababu swali hilo liliulizwa, nalo likajibiwa.

Zimwi hilo limo katika mchezo wa Pokémon, uliotungwa na kampuni ya Game Freak ya Japani na kutolewa na Nintendo kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Matoleo ya kwanza, Red na Green, yalitoka Japani mwaka 1996. Marekani ilipata Red na Blue mwaka 1998. Katika mchezo huo mna viumbe 151 wa kukamatwa, kila mmoja na nambari yake. Lakini wachezaji wa Red na Blue waligundua njia ya ajabu. Mchezaji humwendea mzee mmoja katika mji wa Viridian, akamtazama mzee huyo akionyesha namna ya kukamata viumbe, kisha akaruka moja kwa moja hadi kisiwa cha Cinnabar na kuelea kandokando ya ufuko wa mashariki. Hapo huweza kutokewa na kitu kisichomo katika orodha: rundo la vidoto vilivyovurugika, na pengine mifupa mitupu au mzuka. Baada ya kukutana nacho, kifaa cha sita katika mkoba wa mchezaji huongezeka ghafla kwa wingi, na picha za kumbukumbu ya ushindi wake huweza kuharibika. Mwaka 1999 Nintendo yenyewe iliwaonya wachezaji, katika jarida lake, wajihadhari na zimwi hilo.

Mambo hayo yalizaa nadharia nyingi. Wako waliosema kwamba MissingNo ni roho ya kiumbe aliyekufa, na wakatoa mifupa na mzuka kuwa ushahidi wao. Wako waliosema kwamba ni kiumbe wa siri aliyefungiwa makusudi ufukoni, atoaye mali kwa mkono mmoja na kuharibu kumbukumbu kwa mkono wa pili. Yafaa ikubaliwe kwamba nadharia hizo hazikuwa za kijinga. Zilieleza yote yaliyoonekana, tena kwa hadithi moja yenye mvuto.

Hata hivyo, wapenzi wengine wa mchezo waliifungua programu na kuisoma baiti kwa baiti, wakakuta maelezo ya namna nyingine. Mzee wa Viridian anapoonyesha ufundi wake, jina lake hukaa kwa muda mahali pa jina la mchezaji. Ili jina la mchezaji lisipotee, programu hulihifadhi katika sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa kawaida huwekwa orodha ya viumbe wa porini. Mchezaji akiingia eneo jingine lenye viumbe wake, orodha mpya huandikwa juu ya jina hilo. Lakini kisiwa cha Cinnabar hakina orodha yake ya viumbe wa nyasini, na ufuko wake wa mashariki, kwa kosa la waandishi wa programu, huhesabiwa kama nyasi. Hivyo basi mashine husoma herufi za jina la mchezaji kana kwamba ni nambari za viumbe. Katika orodha ya ndani ya programu mna nafasi 190, ilhali viumbe halali ni 151. Nafasi 39 zilizosalia hazina mwenyewe, na zote zilipewa jina moja la kujazia, lenye maana ya nambari iliyokosekana. Mifupa na mzuka ni picha za makumbusho na za mnara wa makaburi zilizomo katika mchezo huohuo, zilizowekwa katika nafasi tatu miongoni mwa hizo tupu.

Mtu aweza kusema kwamba hayo nayo ni maelezo tu, na kwamba hadithi ya roho hueleza vilevile. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maelezo ya kumbukumbu ya mashine hutabiri, na utabiri wake waweza kushindwa. Husema kwamba herufi ya tatu, ya tano na ya saba za jina la mchezaji ndizo zinazoamua ni nani atakayetokea ufukoni. Husema zaidi kwamba, katika toleo la Kiingereza, herufi ndogo w au x ikikaa katika nafasi hizo huweza kuleta mifupa, na y huweza kuleta mzuka. Kuhusu kifaa cha sita, husema kwamba kinachobadilika ni biti moja, ile ya juu kabisa katika baiti ya hesabu, yenye thamani ya 128. Kwa hiyo mwenye kifaa 1 atapata 129, bali mwenye 128 au zaidi hataongezewa chochote. Kila mwenye mashine aliweza kujaribu, na majaribio yalikubaliana na utabiri. Nadharia ya roho haikuweza kusema kwa nini roho ipende herufi y, wala kwa nini ukarimu wake ukome kwenye 128. Haikushindwa kwa kukosa uzuri. Ilishindwa kwa sababu haikusema jambo lolote ambalo lingeweza kukanushwa.

Waswahili wana msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Historia ya mchezo huu huuthibitisha msemo huo na kuupinga kwa wakati mmoja. Ulienea uvumi kwamba kiumbe nambari 151, Mew, amefichwa chini ya gari la mizigo lililoegeshwa bandarini katika mji wa Vermilion. Mew alikuwamo kweli: Shigeki Morimoto wa Game Freak alimwingiza mwishoni mwa kazi, katika nafasi ya baiti zipatazo 300 iliyobaki baada ya zana za kusahihishia programu kuondolewa. Lakini chini ya gari hapakuwa na kitu, na usomaji wa programu ulilithibitisha hilo. Matoleo mapya ya mwaka 2004 yalipotoka, watengenezaji waliweka biskuti karibu na gari hilo, kama kwamba wanautania uvumi. Na baadaye wachezaji walikuta njia halisi ya kumpata Mew kwa kutumia hitilafu nyingine, njia ambayo hakuna mvumishaji aliyeiwazia. Uchunguzi uliwanyima hadithi moja ukawapa kiumbe mwenyewe.

Iko pia nadharia ya aina ya tatu, ambayo humtaka mwalimu awe mwangalifu zaidi. Wapenzi wengi husema kwamba kiumbe aitwaye Ditto ni jaribio lililoshindikana la kumnakili Mew. Ushahidi wao ni kwamba wote wawili huweza kujigeuza kuwa kiumbe mwingine, na kwamba kila mmoja ana uzito wa kilo 4. Ushahidi huo hupendeza hadi orodha ya uzito isomwe yote. Bellsprout ana kilo 4, na Shellder ana kilo 4, wala hakuna anayedai kwamba hao ni ndugu wa Mew walioharibika. Aliyechagua mifano inayomfaa na kuiacha mingine hakuthibitisha kitu. Zaidi ya hayo, hakuna baiti iwezayo kuamua asili ya Ditto, kwa sababu asili yake si jambo la mashine bali ni la hadithi, na mwenye hadithi ni mtunzi.

Kutenganisha aina hizi ni elimu ambayo mwanafunzi ataihitaji katika mambo mazito kuliko michezo. Atakutana na dawa isemwayo kuponya kila ugonjwa, na mgonjwa asipopona ataambiwa kwamba hakuamini vya kutosha. Atasikia uvumi kuhusu chanjo au mbegu mpya, wenye kueleza kila tukio na usiotabiri hata moja. Asiyezoea kuuliza swali la kukanusha katika jambo dogo alipendalo hataliuliza katika jambo kubwa linalomtisha.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine yoyote, bali karatasi na kalamu. Kila mwanafunzi na aandike nadharia anayoipenda kuhusu kiumbe wa mchezo, wa filamu au wa ngano za nyumbani. Chini yake aandike ushahidi wake, na ushahidi aliouacha. Mwisho aandike jambo moja ambalo likionekana ataiacha nadharia hiyo. Atakayeshindwa kuandika mstari huo wa mwisho asichekwe. Nadharia yake ipelekwe katika kipindi cha fasihi, ambako itapewa heshima inayoistahili, na wale walioweza waanze kupima.