Ukinunua pampu, hesabu na soketi ya nje

Umeme umefika vijijini kwetu, kuanzia Kishapu hadi Katoro, na ni jambo la kushukuru. Mfugaji ananunua mashine ya kukatakata majani, mwenye bustani ananunua pampu ya kisima. Tatizo ni kwamba mashine ya laki kadhaa inachomekwa kwenye ekstensheni iliyopitishwa dirishani, ikalazwa kwenye matope, mbuzi wanaikanyaga. Na anayetumwa kwenda kuchomeka mara nyingi ni mtoto, tena pekupeku.

Maoni yangu ni haya: soketi ya nje ni sehemu ya bei ya mashine. Kama fedha ya soketi haijapatikana, mashine nayo isubiri.

Wengi hujipa moyo kwamba breka ya ndani itawaokoa. Breka ya ampea 20 kazi yake ni kulinda waya usiungue. Umeme unaotosha kumuua mtu ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, na breka hiyo haitashtuka. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, ambayo hukata mara umeme unapovuja. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, isipokata, ibadilishwe.

Jambo la pili ni ethi. Udongo wetu mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi. Fimbo fupi ya ethi ikibaki kwenye ufa, haikusaidii. Izamishwe hadi penye unyevu, na fundi aipime kwa kifaa, asikadirie kwa macho.

Mengine ya kukubaliana na fundi:

- Soketi iwe na laini yake kutoka kwenye breka, kwa waya wa milimita 2.5.
- Boksi liwe la nje, lenye mfuniko na alama ya IP65 au zaidi, na waya uingilie chini ili maji yasifuate.
- Liwe usawa wa kifua, mbali na bomba na mahali mifugo inaponywea.
- Waya wa kwenda bandani upite ndani ya paipu, usining'inie juu ya bati.

Kazi hii usiifanye mwenyewe. Najua kijana wa mtaani ni nafuu, na pengine ni ndugu yako. Hata hivyo, mwombe akuoneshe leseni ya EWURA. TANESCO inaishia kwenye mita ya LUKU. Kuanzia hapo kuingia ndani, jukumu ni lako wewe mwenye nyumba.

Mvua za Novemba zisikukute na waya chini. Leo jioni zunguka nyumba yako. Ukiona ekstensheni uani, zima swichi kwanza, chomoa, kunja, weka ndani. Bustani itasubiri siku chache, utamwagilia kwa ndoo.