Boriti Zako Hutoka Wapi?

Ninyi wakulima wa skimu za Mpeketoni, Hindi na Magarini, labda mtashangaa kuona gazeti la wakulima likizungumza habari za mikoko. Mikoko ni mambo ya wavuvi, mtasema. Mimi sikubali. Mkulima wa bara ya Lamu aweza kuharibu kazi ya watu wa visiwani bila kukanyaga tope la bahari hata siku moja, na yafaa afahamu jinsi anavyoiharibu.

Tazameni kwanza kazi hiyo ni kazi gani. Huko Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, kinamama walijiunga mwaka 2018 wakaanza kupanda mikoko mahali palipokatwa mpaka pakabaki tope tupu. Hawakufanya hivyo kwa kupenda miti tu. Kijiji ni cha wavuvi, na samaki walikuwa wamepungua. Kamba, kaa na samaki wengi wachanga hujificha katika mizizi ya mikoko wakati wa udogo wao. Mizizi ikiondoka, mvuvi hutupa wavu akavuta maji.

Msidhani kupanda mkoko ni kazi nyepesi. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikawa kama kijiti kirefu cha kijani. Lazima uokote iliyokomaa, kisha uichomeke topeni maji yakiwa yametoka, nawe umezama mpaka magotini. Tena kila aina ina mahali pake: mlilana hukaa mbele karibu na bahari kuu, mkoko na mkandaa katikati, na mchu huweza kukaa hata nyuma karibu na nchi kavu. Ukikosea mahali, miche hufa yote, nawe umepoteza msimu. Mkulima aliyepanda mahindi katika udongo usiofaa ajua uchungu huo.

Sasa nakuulizeni: banda lako la kuku limesimamishwa kwa miti gani? Na paa la nyumba yako? Fito, pau, mazio, boriti, majina haya yote tumeyajua katika biashara ya mikoko. Miti hii ni mizuri, maana mchwa hawaipendi. Zamani majahazi yaliipeleka mpaka Arabuni na Ghuba, hata Serikali ikakataza kuiuza nje mwaka 1982. Tangu hapo mnunuzi mkubwa ni sisi wenyewe hapa nchini. Kenya ina mikoko hektari zaidi ya 60,000, na karibu sita katika kila kumi ziko Lamu. Misitu hiyo ni mali ya Serikali tangu mwaka 1932, na mkataji hana budi kuwa na kibali. Lakini mnunuzi anayetaka bei rahisi hamwulizi muuzaji kibali chake. Hapo ndipo ninapowalaumu wengi wetu.

Sisemi msijenge. Nasema pandeni mvinje. Mti huu huota vizuri katika mchanga wa pwani, na kwa muda wa miaka minne hadi sita hutoa nguzo nyembamba zilizonyoka. Wakulima wengi wa Kilifi na Kwale huupanda kama zao la kuuza, kama wanavyopanda mihogo. Wewe mwenye ekari zako za skimu una mpaka wa shamba uliokaa bure. Mtu wa Pate hana nafasi kama yako, naye ndiye anayepanda miti!

Kama mwaona ni maneno matupu, waangalieni watu wa Gazi na Makongeni katika Kwale. Tangu mwaka 2013, kwa mpango wao uitwao Mikoko Pamoja, wanalinda hektari 117 za mikoko, na hulipwa fedha kutoka nchi za nje kwa sababu miti hiyo na tope lake huhifadhi hewa ya kaboni. Fedha hizo zimeleta maji vijijini na vitabu shuleni. Lakini angalieni jambo ambalo wageni hulisahau: watu hao walipanda mivinje pia, ili wanavijiji wapate miti ya kujengea na kuni mahali pengine. Walijua kwamba kukataza bila kutoa badala yake hakufai kitu.

Kuna na jambo la udongo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilichukua udongo mwingi kutoka nchi ya juu zikaumwaga katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Mikoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope, na udongo ule uliifunika mizizi, mikoko mingi sana ikafa imesimama. Shoka halikutumika. Basi mkulima anayelima kufuata mteremko bila matuta hupoteza rutuba yake, na huku anaua mazalio ya samaki ya mtu mwingine.

Najua wengine watajibu kwamba ujenzi wa bandari mpya ya Lamu umeondoa mikoko mingi kuliko banda la kuku. Ni kweli bandari imeondoa mikoko, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe fidia. Lakini deni la bandari halifuti deni letu.

Masika huanza karibu na Aprili. Mashimo ya mivinje yachimbwe kabla ya mvua, miche ipandwe udongo ukiisha kulowa, na mbuzi wafungwe mpaka miti ishinde urefu wao. Na mwenye shamba la mteremko na akate matuta yake katika kiangazi hiki hiki, maana mvua ikisha kuanza huwa amechelewa.