Mbwa wa Kurasini apewe kazi mchana

Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mradi wa kufundisha mbwa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine. Mafunzo yalifanyika Usa River, Arusha, na mbwa waliofuzu wakapelekwa na waongozaji wao kwenye bandari na viwanja vya ndege, ikiwemo ya Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa wa aina hiyo hupita kwenye mizigo akivuta hewa, na akikipata anachokitafuta hutulia papo hapo mpaka mwongozaji wake aelewe. Ujira wake mara nyingi ni mpira wa kuchezea dakika moja au mbili. Upekuzi unaowatisha majangili, kwake yeye ni mchezo.

Ukivuka geti la bandari ya Dar es Salaam kuingia Kurasini, maisha ya mbwa ni mengine kabisa. Hii ni kata ya maghala, yadi za makontena na matangi ya mafuta, na nyumba za watu zimebanana katikati. Penye ukuta mrefu hapakosi mbwa, na ratiba ya wengi ni moja: alfajiri anafungiwa bandani au anatiwa mnyororo, jioni anamwagiwa ugali na utumbo, usiku geti likishafungwa anafunguliwa alinde. Mchana kutwa anatazama bati na sakafu. Wenye mbwa wengi husema kufungiwa huko ndiko kunakomtia ukali, na kwamba mbwa aliyezoea kuchezeshwa hawezi kulinda.

Imani hiyo ni ya makosa, na inamtesa mnyama bila kumfaidia mwenye mali.

Pua ya mbwa ina vipokea harufu vinavyokadiriwa kuzidi milioni 200, wakati ya binadamu ina milioni tano au sita hivi. Kiumbe mwenye pua hiyo akikosa cha kunusa na cha kutafuta, akili yake haizimiki. Hujitafutia kazi yenyewe, nayo huwa kazi mbaya: kuzunguka duara lilelile, kufukuza mkia, kuchimba chini ya geti, kutafuna ndala, kulamba mguu mmoja mpaka manyoya yanyonyoke na kidonda kifunguke. Wengi zaidi hubweka tu. Wanabwekea paka, bodaboda, mvua, na kila lori linaloelekea Daraja la Nyerere. Wiki ikipita, mlinzi na majirani hawainui tena vichwa. Usiku mtu akiruka ukuta kweli, mlio unaosikika ni uleule uliosikika mchana kutwa, na hakuna anayetoka kutazama.

Watafiti wawili, Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz, walitoa mwaka 2019 utafiti unaofaa kufahamika na kila mwenye mbwa. Kundi moja la mbwa wa nyumbani lilifanya mazoezi ya kutafuta chakula kwa pua kwa wiki mbili, na kundi lingine likafanya mazoezi ya kutembea ubavuni mwa mwenyewe. Kabla na baada ya hapo mbwa wote waliwekewa bakuli mahali penye utata, katikati ya pale walipozoea kukuta chakula na pale walipozoea kukuta patupu. Baada ya mazoezi, wale wa kunusa walilikimbilia bakuli upesi kuliko awali, maana walitarajia kheri. Wenzao hawakubadilika. Makundi yote mawili yalikuwa yameushughulisha mwili, lakini lililopewa nafasi ya kunusa na kujiamulia ndilo lililochangamka moyo.

Kwa mtu wa Kurasini habari hii ni njema, kwa sababu kunusa hakuna gharama. Ugali uleule wa jioni unaweza kukatwa vipande na kutawanywa uani, nyuma ya tairi bovu, chini ya boksi, ndani ya kifuu cha nazi, mbwa akaachwa avitafute. Trei ya mayai iliyotiwa dagaa wakavu na kufunikwa kwa trei nyingine itamshughulisha muda mzuri, ilimradi mtu awe karibu, mbwa asije akaimeza karatasi yenyewe. Supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu ikigandishwa kwenye kopo humpa mbwa cha kulamba saa zile za mchana ambazo joto la Dar es Salaam halimruhusu kukimbia. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitumike, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Kumtembeza kufanywe alfajiri au baada ya magharibi, lami ikiwa imepoa, na asivutwe kila anaposimama kunusa nguzo. Hapo ndipo anaposoma habari za mtaa.

Na katika kumfundisha mbwa, fimbo iwekwe pembeni. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha chakula. Mmoja wao, Magawa, alikwenda Kambodia, akabaini mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa panya anafika huko kwa ndizi na karanga, mbwa wa getini anaweza kujifunza kukaa, kungoja na kunyamaza akiamriwa, kwa dagaa watano tu kwa siku.

Kuna sababu nyingine inayowaweka watu wa pwani mbali na mbwa, nayo istahiwe. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi na wa mawindo ana nafasi yake katika dini, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama waliofundishwa kuwinda. Michezo ya kutafuta chakula haimtaki mtu amkumbatie mbwa wala amshike mdomo. Anatawanya, anasogea kando, mbwa anafanya kazi yake.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini askari hawezi kupita kila ukuta kukagua minyororo. Anayeweza kuwafikia wenye mbwa ni afisa mifugo. Kila Septemba 28 dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na kampeni za chanjo huwakusanya wenye mbwa foleni, kamba mkononi. Manispaa ya Temeke ingeitumia foleni hiyo. Wakati mtaalamu anajaza bomba la sindano, msaidizi wake awaonyeshe watu kifuu chenye dagaa na namna ya kukificha, kisha amruhusu mbwa wa kwanza akitafute mbele yao wote.