Helikopta ndogo za mafunzo: kwa nini "kosa la rubani" si jibu la kutosha

Kila inapotangazwa kwamba helikopta ndogo imeanguka, iwe hapa Afrika Mashariki au mbali, simu ya studio huanza kupokea ujumbe unaofanana. Injini ilizima au rubani alikosea? Wengine hawaulizi, wamekwisha kata shauri kwamba ni uzembe. Wachache husema ni mkono wa mtu.

Tumeamua kuliandika jambo hili kwa sababu dakika tatu za hewani hazitoshi, na kwa sababu baadhi ya wanaotuuliza ni wazazi. Kijana amemaliza kidato cha sita, anataka urubani, na nyumbani wanapiga hesabu ya ng'ombe au ya kipande cha shamba. Mzazi wa namna hiyo anastahili kuambiwa zaidi ya "ajali haina kinga".

Tuchukue helikopta moja inayojulikana kuliko zote katika vyuo vya urubani duniani, Robinson R22. Mhandisi Frank Robinson alianzisha kampuni yake California, Marekani, mwaka 1973. R22 ikaruka mara ya kwanza mwaka 1975, na mwaka 1979 ikapata kibali cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Ina viti viwili tu. Ikiwa imebeba watu wake na mafuta, uzito wake haupaswi kuzidi kilo 622. Gari dogo kama Vitz, tena likiwa tupu, ni zito kuliko hiyo.

Robinson hakuitengeneza iwe ya shule. Alikusudia mtu binafsi aweze kumiliki helikopta yake ya kusafiria. Lakini ilikuwa rahisi kununua na rahisi kuendesha kwa gharama, kwa hiyo vyuo viliikimbilia. Hivyo mashine nyepesi, yenye kuitikia haraka kila mguso wa mkono, ikawekwa mikononi mwa watu ambao ndiyo kwanza wanajifunza. Mengi yaliyofuata yanaanzia hapo.

Sekunde mbili hazifiki

Kwanza tuondoe dhana moja. Injini ya helikopta ikizima angani, helikopta haianguki kama jiwe. Rubani akishusha upesi wenzo ulio mkono wake wa kushoto, mapanga ya juu hulala, na hewa inayopanda kutoka chini wakati chombo kinashuka huendelea kuyazungusha. Ni kama zile mbegu zenye ubawa zinazodondoka mtini huku zikizunguka. Rubani huteremka hivyo, na karibu na ardhi hutumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua taratibu. Kila mwanafunzi hufundishwa hivyo, na kuna marubani wengi walio hai leo kwa sababu ya somo hilo.

Tatizo ni muda. Gurudumu zito ukilizungusha na kuliachia huendelea kuzunguka kitambo. Jepesi husimama mapema. Mapanga ya R22 ni mepesi, na injini ikikata nguvu mwendo wake hushuka mara moja. Rubani ana chini ya sekunde mbili za kutambua kilichotokea na kushusha wenzo. Ipo honi ya kumwonya, nayo hulia mwendo wa mapanga unaposhuka hadi asilimia 97 ya kawaida. Ukishuka karibu na asilimia 80, mapanga hayabebi tena hewa, na kutoka hapo hakuna kurudi. Kampuni yenyewe inawafundisha marubani waongeze asilimia moja kwa kila futi 1,000 za kimo. Maana yake, ukiwa futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho Nairobi inakipita hata kabla hujaondoka ardhini, mpaka wa hatari umepanda hadi asilimia 85. Nyanda zetu za juu zinapunguza nafasi ambayo tayari ni ndogo.

Mkono unapofanya kinyume

Sababu ya pili inatisha zaidi kwa kuwa injini inaweza kuwa nzima kabisa.

R22, pamoja na ndugu zake R44 na R66, ina mapanga mawili yaliyofungwa juu ya nguzo kwa namna ya bembea ya watoto: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Mfumo huo hufanya kazi vizuri mradi mapanga yamebeba uzito wa chombo. Sasa chukulia rubani amepanda kidogo kisha akasukuma fimbo ya kuongozea mbele kwa ghafla, pengine akikwepa ndege wa angani. Kwa nusu dakika hata robo yake haifiki, chombo huwa chepesi, kama unavyohisi tumbo likipanda basi linaporuka tuta. Mapanga ya juu hayabebi kitu, lakini panga dogo la mkiani linaendelea kusukuma, na chombo huanza kulalia kulia.

Mkono wa binadamu hufanya nini? Hukimbilia kushoto. Na hapo ndipo kifo kilipo, maana mapanga yasiyobeba uzito huitikia fimbo huku chombo chenyewe hakiitikii. Kitovu cha mapanga hugonga nguzo, nguzo huweza kukatika, au panga hukata mkia au kibanda cha rubani. Njia sahihi ni kuvuta fimbo nyuma polepole ili mapanga yabebe uzito tena, halafu ndipo urekebishe kulala. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anatakiwa aizuie silika yake, na afanye hivyo papo hapo.

Kwa miaka kadhaa wachunguzi Marekani walikuta mabaki ya R22 yaliyokatika angani bila kuelewa kilichotokea, kwani helikopta hizi ndogo hazibebi kisanduku cheusi. Juni 1992, karibu na Richmond, California, R22 ya mafunzo ilisambaratika hewani. Safari hiyo kulikuwa na kinasa sauti kidogo kikirekodi somo. Wachunguzi walisikia mazungumzo ya kawaida ya mkufunzi na mwanafunzi, kisha yakakatika ghafla. Hapakuwa na ugomvi wala mzaha, wala dalili ya mtu kucheza na mashine.

Mwaka 1995 FAA ikatoa kanuni maalumu kwa ajili ya R22 na R44 peke yake, jambo lisilo la kawaida. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka R22 peke yake kabla hajatimiza saa 20 akiwa na mkufunzi ndani ya helikopta ya aina hiyo. Mkufunzi naye awe na angalau saa 200 za helikopta, 50 kati ya hizo katika R22. Wote wafundishwe hatari ya mwendo mdogo wa mapanga na hatari ya chombo kuwa chepesi. Kusababisha hali hiyo angani kwa makusudi kukapigwa marufuku. Pia gavana, kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini usishuke, kikawa cha lazima. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ikatoa ripoti yake maalumu mwaka 1996. Ajali za mapanga kukata chombo zilipungua sana nchini humo, na FAA iliihuisha kanuni hiyo tena mwaka 2024.

Hapa kuna mabishano ambayo hayajaisha. Upande mmoja unasema, tazameni, mafunzo yalibadilika na vifo vikapungua, basi tatizo lilikuwa rubani. Upande wa pili unaelekeza kidole New Zealand, ambako ajali za namna hiyo ziliendelea kwenye upepo wa milimani hadi tume yao ya uchunguzi ikaziweka helikopta za Robinson kwenye orodha yake ya mambo ya kufuatiliwa mwaka 2016. Sisi tunaegemea upande wa pili, ingawa si kwa asilimia mia. Mafunzo yaliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini chombo kinachomhitaji mwanafunzi ashinde silika yake ndani ya sekunde moja hakiwezi kumtupia yeye lawama yote akishindwa. Na kampuni yenyewe katika miaka ya karibuni imebadilisha bawa dogo la mkiani kwenye R66 na R44 ili kupunguza kule kulala. Kama tatizo lingekuwa mkono wa rubani peke yake, mkia ungeachwa ulivyo.

Barafu kwenye joto la Pwani

Hili huwashangaza wengi. R22 ina injini ya kabureta, kama pikipiki nyingi mnazozijua. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, ubaridi hushuka kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu inaweza kuganda kwenye koo la kabureta hata nje kukiwa na nyuzi joto 30. Yaani asubuhi ya Tanga au Mombasa, watu wakitoka jasho, injini inaweza kukabwa na barafu. Rubani ana kifaa cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, lakini ni lazima akumbuke kukitumia kabla ya kushusha nguvu ya injini. Na gavana tuliyemsifu hapo juu huweza kuficha dalili: barafu inapokaba, yeye huongeza moto wa injini kimyakimya, na rubani hajui mpaka akiba imekwisha.

Ajali nyingine za mafunzo ni za kawaida zaidi. Kuelea futi chache juu ya ardhi ni kugumu, na mguu wa helikopta ukinasa kwenye nyasi au tope huku chombo kinasogea pembeni, kinapinduka. Wengi hutoka wazima, mashine ndiyo hufa. Nyaya za umeme ni adui mwingine, hasa sasa zinapofika vijiji ambavyo ramani ya zamani inaonyesha pori tupu.

Moto ni habari yake. Matangi ya zamani ya R44 yalikuwa ya aluminiamu pekee, na yalipasuka hata katika maanguko ambayo watu wangeweza kutoka. Machi 2013 watu wanne walikufa R44 ilipoungua huko Bulli Tops, Australia. Matangi yenye mfuko wa mpira ndani yalikuwa tayari yanapatikana na kampuni ilikwisha agiza yafungwe, ila muda wa mwisho ulikuwa wiki chache mbele, Aprili 30. Wamiliki wengi walikuwa wakisubiri.

Mzazi aulize nini

Uchunguzi wa ajali ya ndege, kwa utaratibu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, haufanywi ili kumpata mkosaji. Unafanywa ili isitokee tena, na ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Ukisikia "rubani alikosea" siku ya pili ya msiba, jua hiyo ni kauli ya mtu, siyo ya wachunguzi.

Kwa mzazi anayekwenda kutazama chuo, kanuni ile ya 1995 ni ya Marekani na haikifungi chuo cha nchi nyingine. Lakini hakuna kinachokuzuia kuuliza kama wanaifuata. Mkufunzi wa mtoto wangu ana saa ngapi katika aina hii hii ya helikopta? Ataruhusiwa kuruka peke yake baada ya saa ngapi? Helikopta za Robinson hufumuliwa na kujengwa upya zikifika saa 2,200 au miaka 12, kipi kitangulie. Omba kuonyeshwa daftari, usiridhike na kuambiwa. Kama chuo kina R44, uliza matangi.

Na kijana apande mizani. Kiti kimoja cha R22 hakipaswi kubeba zaidi ya kilo 109, na mkufunzi mwenye mwili akikaa na mwanafunzi mwenye mwili, hulazimika kupunguza mafuta ili wasizidi zile kilo 622. Chuo ambacho hakimpimi mwanafunzi wake uzito kabla ya safari ya kwanza, mwulize mkuu wake hesabu hiyo huwa wanaipigaje.